Naomba ushauri: kwenye riwaya yangu baba ameleta isale kuomba msamaha, mama apokee au akatae?

BintiWaMwika: Wakuu habari za jioni. Naandika riwaya na nimefika sura ya mwisho nimekwama, naomba mawazo hasa ya wenyeji wa Kilimanjaro na yeyote anayependa hadithi za familia.

Iko hivi, baba kaondoka Mwika kwenda Dar kutafuta maisha, mwanzoni anapanda nyumbani kula Krismasi kama wachaga wote, baadae kapata mwanamke mwingine huko na watoto, akakata mguu kabisa hata salamu hakuna. Mama kabaki kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na nyumba, na watoto wanne, bei ya kahawa ikaanguka akaanza kuuza ndizi sokoni, kasomesha, kajenga na nyumba ya tofali. Sasa baba anaumwa, karudi, anataka akifa azikwe kwenye migomba ya baba yake. Analeta isale. Kwa wasioijua, ni ule mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba, na mtu akikukosea akikuletea jani lake kimila hutakiwi kukataa msamaha.

Kijana mkubwa hataki hata kumuona. Kitinda mimba, ambaye kwa mila ndo anabaki na nyumba, hajawahi kumjua baba yake na anamtaka sana. Mimi nimemfanya mama apokee, na kila niliyempa asome anasema kasamehe kirahisi mno. Nikimfanya akatae naona navunja mila ambayo naiheshimu kwa moyo wote. Nifanyeje?

MekuWaKilema: Mwanangu hongera kwa kuandika mambo ya nyumbani. Ila mwenye kosa haji tu na jani mkononi akabisha hodi. Nilivyoona kwetu anatuma mtu, mzee anayeheshimika pande zote mbili, na kosa linatajwa. Huyo baba katajaje kosa lake? Mlete mjumbe, mama amkaribishe vizuri, ampe mbege, ile pombe yetu ya ndizi, halafu amuulize "amekutuma useme amekosa nini?" Mzee akisema "mambo ya ujana tu mama, yaishe" basi mama amwambie arudi akaulize tena. Hajakataa isale hapo, mila haijavunjwa, ila baba itabidi afikirie miaka yote ile mwanzo mpaka mwisho.

MamaNeema: Mzee kaongea vizuri sana, mi naongezea hivi dada, kusamehe sio kurudiana. Wanaume wakisikia umesamehe wanaleta begi. Anaweza akapokea isale na bado baba akalala kwa kaka yake, akapelekewa chakula na mtoto, asimguse. Na tafadhali usimfanye mama malaika, mwanamke aliyeachwa na watoto wanne ana hasira, kuna siku alikuwa anawachapa watoto kwa hasira za baba yao na watoto wanakumbuka, yule mkubwa labda ana kinyongo na wote wawili. Mi ningeisoma hiyo mpaka asubuhi.

Wakili_Mdogo: Mkuu usisahau watoto wa Dar, watakuja msibani tu. Kama mama alifunga ndoa ya kanisani na haijavunjwa, yule wa Dar kisheria sio mke, lakini watoto wake ni watoto wa baba na Sheria ya Mtoto ya 2009 inawatambua. Halafu kihamba cha kurithi ukoo watasema ni cha ukoo. Nyumba ya tofali hiyo ni jasho la mama, na tangu 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed ilishasema hata kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Kwahiyo mashemeji wakija kumwambia "samehe" mama ajiulize wanatetea msamaha au kihamba.

NgoshaTz: Mi msukuma isale siijui ila naomba huyo kijana mkubwa asilazimishwe kulia na kukumbatiana kwenye ukurasa wa mwisho. Jani limeletwa kwa mama, yeye hajaletewa kitu.

BintiWaMwika: Ngosha hiyo umenifungua kichwa jamani, kweli baba hajamwomba radhi mtoto hata mmoja, kaomba kwa mke tu kwasababu ndo anashika kihamba. Nafuta sura nzima naanza upya na mjumbe. Meku swali moja, mama akiamua kuyataja makosa mwenyewe mbele ya watoto, wazee wataona amekosa adabu?

MekuWaKilema: Baadhi watanung'unika. Muweke kaka yake mama, yaani mjomba wa watoto, akae upande wake, mama akiwa na kaka yake pale ndani hakuna wa kumnyamazisha. Na baba awepo asikie kwa masikio yake, asiwakilishwe siku hiyo hata kama inabidi abebwe.

BintiWaMwika: Asante sana Meku. Naanza leo hii hii, nikimaliza sura naileta hapa muisome.