Epoksi inabanduka kwenye pipa la plastiki, shida nini?

mvuvi_sahare: Wakuu habari za Tanga. Nina pipa la bluu la lita 200, naweka barafu na samaki, limepata ufa kama shibiri karibu na mdomo. Nimepiga msasa nikapaka gundi ya epoksi nikaacha usiku kucha, asubuhi nimegusa na ukucha imetoka yote kama ganda la yai. Nimerudia, vilevile. Na epoksi hiihii nilizibia ngalawa mwaka wa pili sasa haijaachia!

mwl_kemia: Mkuu epoksi haina kosa. Cheki chini ya pipa, utaona pembetatu yenye namba 2, hiyo ni polithini ngumu. Ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni tupu, gundi haina pa kushika, ndo maana hata maji yanajikusanya matone kama juu ya jani la mgomba. Inabidi uibadilishe ile ngozi ya juu. Chukua tochi ya gesi, moto uwe wa bluu, pitisha harakaharaka bila kusimama sehemu moja, plastiki isianze kuyeyuka. Moto unafanya oksijeni iingie kwenye ile minyororo, tabaka jembamba sana lakini linatosha. Viwandani wanafanya hivyo, kwa moto au umeme, kabla hawajachapa maandishi kwenye chupa na mifuko. Ukimaliza nyunyiza maji, yakitandaa ujue imekubali. Kausha upake siku hiyohiyo, ukichelewesha nguvu inapungua, na usishike na mikono yenye mafuta.

fundi_ngamiani: Kabla ya moto, pipa lilibeba nini? Kama ni petroli au dawa usithubutu kaka. Halafu toboa kitundu kidogo kila mwisho wa ufa, la sivyo ufa utaendelea kutembea. Na mtu asije akajaribu hii kwenye bomba la PVC, lile lina klorini, likiungua linatoa moshi wa asidi unaochoma mapafu. Zile bomba za maji ya moto, CPVC, ni PVC hiyohiyo wameiongeza klorini kiwandani, toka kama asilimia 57 kwenda 63 na zaidi, ndo maana zinavumilia nyuzi 90 na PVC ya kawaida ishalegea kwenye 60.

mvuvi_sahare: Lilikuwa la juisi ya maembe. Nimefanya jana wakuu, maji yametandaa kabisa, leo nimeparua na kisu haing'oki. Kuna kipande cha pembeni nilikiruka kwa moto, hicho kimebanduka tena. Asanteni sana, narudi kukimalizia.