Ameacha pombe, lakini ndoto za ajali zimemrudia

Dada wa Umoja: Hamjambo, ndugu zangu. Kaka yangu aliacha pombe majuzi, nasi nyumbani tulitarajia kwamba angepata utulivu. Badala yake, ndoto za ajali ya matatu iliyowaua wenzake zimerejea, halali, na hasira yake imezidi. Je, atibiwe uraibu kwanza, au kiwewe, yaani jeraha la moyoni lililoachwa na ajali?

Mnasihi wa Buruburu: Pole sana, dada. Usidhani kwamba kaka yako anarudi nyuma. Pombe hupunguza ile sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi, hivyo mtu anapoiacha, ndoto hizo hurudi kwa wingi kwa muda, na kwa aliyenusurika ajali huja na yale yote aliyokuwa akiyazima kwa kunywa. Mambo haya mawili ni bora yatibiwe pamoja, kwa sababu kiwewe kisichoguswa humrudisha mtu kwenye chupa. Hospitali ya Mathari ina madaktari wa magonjwa ya akili, na NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupokea simu bila malipo kupitia 1192.

Mzee wa Kariobangi: Naomba asilazimishwe kuisimulia ajali mbele ya jamaa, atasema atakapokuwa tayari, kwa mtu anayemwamini. Mimi nilisikilizwa bila kuhukumiwa katika mikutano ya Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935, ingawa mikutano hiyo haichukui nafasi ya daktari. Akitamka kwamba hataki kuishi, mpelekeni hospitali usiku huo huo.

Dada wa Umoja: Nimewaelewa. Nitazungumza naye leo, tukiwa wawili tu.