Kikundi cha Ukoo: Duka la Shangazi, Bondeni, Nakuru

Shangazi: Assalaam alaykum, wanangu. Ile ploti yenye duka langu imeuzwa. Jana walikuja vijana wawili na utepe wa kupimia, wakapigilia kigingi karibu na jiko langu la mahamri, kisha mwenye ploti mpya akaniambia kwa mdomo kwamba mwisho wa mwezi niwe nimetoka, kwani panajengwa ghorofa.

Mjomba: Waalaykum salaam, dada. Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, hizi ploti zetu za vyumba vya mabati zinamezewa mate. Ujenzi siupingi, lakini wanaolala vyumba vya nyuma hawataimudu kodi ya ghorofa hiyo.

Mkwe: Shikamoo, Shangazi. Mimi mwenyewe ni mmoja wa wageni wanaomiminika mjini, kwani tulihamia Nakuru baada ya kodi za Nairobi kutushinda. Wageni watahitaji mahamri pia, kwa hiyo huenda ukapata duka kwingine, labda mtaa wa Kiamunyi.

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Huko Kiamunyi nani atanijua? Daftari langu la madeni limejaa majina ya watu wanaokula asubuhi na kulipa mwisho wa mwezi, nami nawaamini kwa sababu niliwajua wazazi wao. Hao siwezi kuwahamisha pamoja na sufuria.

Mpwa: Shikamoo, Shangazi, na pole sana. Je, una mkataba wa maandishi?

Shangazi: Sina. Na marehemu mzee, mwenye ploti wa zamani, tulielewana kwa mdomo tu.

Mpwa: Basi kukosa mkataba hakukuondolei haki. Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, inayohusu maduka, hoteli na mahali pa kuuzia chakula, inamlinda mpangaji wa biashara asiye na mkataba wa maandishi, na aliyenunua ploti ameinunua pamoja na haki zako. Ni lazima akupe ilani kwa fomu rasmi, aeleze sababu, tena isiyopungua miezi miwili. Kutaka kubomoa na kujenga ni sababu inayokubalika kisheria, sitakuficha, ila ukipinga kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja na kupeleka shauri kwenye baraza la kodi, linaloamua migogoro ya wapangaji wa biashara na wenye nyumba, kabla ilani haijaanza kazi, hutoki mpaka baraza liamue.

Mjomba: Na wa vyumba vya nyuma?

Mpwa: Wanaolipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi wanalindwa na Sura ya 296, inayohusu kodi za nyumba za kuishi, kwa hiyo nao wasiondoke kwa neno la mdomo.

Mkwe: Nimeelewa, Shangazi, na niwie radhi kwa kuharakisha habari ya kuhama. Jumamosi nitakuja tuwaeleze wapangaji wote pamoja, maana mmoja akikubali pesa za kuhama kimyakimya, wengine watasukumwa kirahisi.

Mpwa: Shangazi, usitie sahihi karatasi yoyote. Kodi ilipe kwa wakati kwa M-Pesa, na ujumbe wa malipo usiufute.

Shangazi: Nimesikia. Jumamosi njooni baada ya alasiri, wapangaji wote watakuwapo.