Kununua matrekta ya IMT Serbia kama mgeni, aliyewahi kufika anipe mwongozo

mkulima_mbarali:
Wakuu habarini. Mimi nalima mpunga huku Mbarali na nina kamtaji kidogo, nafikiria kwenda Serbia kununua matrekta ya IMT 539 yaliyotumika, mawili au matatu, moja nibaki nalo mengine niuze. Nimeona bei za mtandaoni za kule nikazilinganisha na za hapa nikaona kuna pa kuvuta pumzi kidogo. Sasa sijawahi kukanyaga Ulaya. Naomba kujua viza inakuwaje, hela nabebaje, na hawa Waserbia kibiashara wakoje, maana kuna jamaa kaniambia ni wakali balaa. Na je nilazimike kufungua kampuni kule? Asanteni.

fundi_wa_massey:
Mkuu umechagua chuma. IMT ilikuwa ya Belgrade kabisa, walitengeneza kwa leseni ya Massey Ferguson tangu miaka ya 50, na hiyo 539 injini yake ni silinda 3 ya leseni ya Perkins, ukoo mmoja na ya MF 135, kwahiyo spea nyingi za injini hutahangaika nazo. Kiwanda cha zamani kilifilisika 2015 na 2018 jina likanunuliwa na TAFE wa India, ndo maana nakwambia tafuta la zamani lililotunzwa usibabaike na rangi. Rangi nyekundu inapigwa jana asubuhi.

Ukifika kwa muuzaji cha kwanza shika injini kwa mkono, iwe ya baridi. Kama kashaliwasha kabla hujafika kuna jambo anaficha, mwambie tusubiri lipoe, kaa hapo hapo unywe kahawa yake. Likiwaka angalia bomba la pumzi la injini, likitoa moshi kama jiko la kuni pistoni na ringi zimekwisha. Halafu funga plau, nyanyua na haidroliki juu kabisa, zima injini, piga stori dakika kumi. Plau likishuka lenyewe hapo unashusha bei au unaondoka. Namba ya chasis isome mwenyewe kwenye kibati uilinganishe na karatasi, usisomewe.

binti_novisad:
Shikamoo kaka, niko Novi Sad nasoma kwa ile skolashipu ya Serbia kwa nchi zisizofungamana na upande wowote. Nianze na viza. Pasipoti yetu inahitaji viza, ila ukiwa na viza hai ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), Uingereza au Marekani unaingia Serbia bila viza yao hadi siku 90. Kama huna, unaomba kupitia ubalozi wao Nairobi. Angalizo, Serbia haiko Umoja wa Ulaya wala Schengen. Watu wanapata Schengen ya kuingia mara moja, wanatua Budapest kule Hungary, ambayo iko Schengen, wanavuka kuja huku, halafu kurudi ndo hawawezi. Panda ndege ya kupitia Istanbul ushuke Belgrade moja kwa moja, mambo yaishe.

Ukishafika unatakiwa kuandikishwa polisi ndani ya masaa 24. Hoteli wanakufanyia wenyewe, ila ukilala kwa mtu binafsi yeye ndo mwenye jukumu la kukuandikisha, na wengi wanazembea kwasababu hawaoni shida yake. Shida utaiona wewe, kwahiyo mkumbushe siku hiyo hiyo bila aibu.

Hela yao ni dinari, euro moja inacheza kwenye 117 na haijayumba muda mrefu. Dukani unalipa dinari tu, lakini trekta, gari au nyumba wanakutajia kwa euro. Ukibeba kuanzia euro 10,000 taslimu itangaze forodha na utunze karatasi, bila hiyo ukitaka kutoka na chenji yako utaeleza mpaka ndege iondoke.

Kuhusu ukali, hapana. Wanaongea kwa sauti na wanakutazama machoni, ndivyo walivyo. Nilimsindikiza mtu kwenye kijiji kimoja huku Vojvodina, tukafika saa nne asubuhi, trekta tumeliona saa saba! Kwanza tumekalishwa, maji ya kunywa na kijiko cha jamu, kahawa, halafu mzee akaleta rakija, pombe yao kali ya matunda. Mimi sinywi pombe nikaweka mkono kifuani nikasema asante, akaleta juisi, hakuna aliyenuna. Akaanza kuuliza wazazi wako wazima, mnalima nini, akatuhadithia Waafrika waliokuwa wanasoma huku enzi za Tito, yule kiongozi wa Yugoslavia. Ukikurupuka na bei mlangoni anakutajia ya juu na hashuki, ila ukitulia hiyo bei anaishusha mwenyewe kabla hujaomba. Kwahiyo usipange kuona wauzaji watano kwa siku moja.

mjanja_wa_posta:
Fungua kampuni bwana, DOO (ndo limited yao) mtaji wa chini ni dinari 100, hata euro moja haifiki. Ukiwa na kampuni unaheshimika.

binti_novisad:
@mjanja_wa_posta kusajili ni rahisi kweli, ila baada ya hapo kuna mhasibu kila mwezi na ritani, kwa matrekta mawili ya nini? Mgeni anaruhusiwa kununua kwa jina lake. Mnaandika mkataba wa mauziano unathibitishwa kwa mthibitishaji wa umma, na kwakuwa kaka hajui Kiserbia lazima awepo mkalimani aliyeapishwa mahakamani. Mimi rafiki yako sikubaliki hapo hata niongee vipi. Mkalimani analipwa, weka kwenye bajeti.

dada_forodha:
Niongezee upande wangu, mimi ni wakala wa forodha Dar. Serbia haina bahari. Mzigo unatokea Bar kule Montenegro, Thessaloniki Ugiriki, au Rijeka ya Kroatia na Koper ya Slovenia, na usafiri wa barabarani mpaka bandarini ndo unaokula faida ya watu. Uliza bei ya mpaka bandarini kabla hujalipa trekta. Matairi ya nyuma yakifunguliwa yanapakiwa kadhaa kwenye kontena la futi 40, kwahiyo moja peke yake halilipi, tafuta mwenzako mchange.

Trekta la kilimo halilipi ushuru wa kuingiza kwenye taratibu za EAC, hilo ni jema, ila njoo na karatasi kamili: mkataba, tamko la forodha la kusafirisha nje na uthibitisho kuwa limefutwa kwenye usajili wa kule. Na lioshwe! Udongo uliogandia kwenye matairi na chini ya plau unazuia mzigo bandarini, nimeona mtu analipia stoo wiki nzima kwasababu ya matope ya Ulaya. Mambo ya ukaguzi wa TBS ulizia kabla halijapakiwa sio likishafika.

mkulima_mbarali:
Aisee nawashukuru sana. Dada wa Novi Sad marahaba mwanangu. Kuna muuzaji nimempata mtandaoni anataka nimtumie kapara, yaani hela ya kishika nafasi, euro 500 anishikilie trekta, picha nzuri kweli, nimtumie?

fundi_wa_massey:
Usitume hata senti. Mwambie akupigie video, aliwashe la baridi, aonyeshe kibati cha chasis bila kukata. Akikataa mfute.

binti_novisad:
Kapara kwao ni kawaida kabisa, ila hutolewa mkononi mkishaonana na kuandikishana. Mwezi wa tano kuna maonyesho ya kilimo hapa Novi Sad, makubwa sana, ungekuja kipindi hicho ungeona mashine mpya, bei zake na wauza spea kwa pamoja, halafu vijijini ndo uende na namba kichwani. Usije wiki ya kwanza ya Januari, Krismasi yao ni tarehe 7, na kabla yake kuna mwaka mpya, ofisi utakuta nyingi zimefungwa.

mkulima_mbarali:
Mwezi wa tano kwangu ndo mavuno yanaendelea, itabidi nimwachie mdogo wangu shamba. @dada_forodha nimekutumia ujumbe pembeni, kuna mwenzangu wa Kilombero naye anataka mawili, tupigie hesabu ya kontena moja kupitia Bar na Thessaloniki tuone ipi nafuu.