Tupeane uzoefu: kuingia kozi ya unesi (RN) kwenye koleji za jamii Marekani

Mleta mada, Minnesota

Wakuu, habari zenu. Swali haliishi: nimefika Marekani, nataka kuwa RN (muuguzi aliyesajiliwa), nianzie wapi? Majibu yametawanyika kwenye magrupu ya WhatsApp na mengi ni ya kusikia tu. Tuyakusanye hapa. Anayekijua kipengele kimoja vizuri akieleze kwa undani, na ataje jimbo lake, kwa kuwa sheria za majimbo hazifanani.

Naanza na jambo linalowakwaza wengi. Kupokelewa na koleji siyo kupokelewa na unesi. Koleji ya jamii (community college) inampokea karibu kila mwenye cheti cha sekondari, lakini kozi ya unesi ndani yake ina fomu yake, tarehe yake ya mwisho na nafasi chache, maana wahadhiri ni haba na hospitali haziwezi kubeba wanafunzi wengi wodini kwa wakati mmoja. Kwa hiyo unaanza kama mwanafunzi wa kawaida, unasoma masomo ya sharti, ndipo unaomba. Mara nyingi masomo hayo ni Anatomia na Fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, Mikrobiolojia, uandishi wa Kiingereza, Saikolojia, makuzi ya binadamu, na Takwimu au Aljebra. Kozi yenyewe huwa mihula minne. Ile "miaka miwili" inayotangazwa, kwa mtu anayefanya kazi, ihesabu mitatu hadi minne.

Kabla hujajiandikisha hata somo moja, pakua mwongozo wa pointi wa kila koleji unayoifikiria. Koleji moja inahesabu wastani wa masomo ya sayansi peke yake, nyingine inahesabu kila alama uliyopata, nyingine inaongeza pointi kwa mwenye cheti cha CNA (msaidizi wa muuguzi) au shahada ya fani nyingine. Ziko zinazochagua kwa bahati nasibu miongoni mwa waliotimiza vigezo, na ziko zenye orodha ya kusubiri. California sheria inaruhusu ujuzi wa lugha nyingine kuhesabiwa miongoni mwa vigezo. Angalia kama Kiswahili kimo kwenye orodha ya koleji yako kabla ya kukitegemea. Angalia pia umri wa masomo ya sayansi, kwani koleji nyingi hazipokei yaliyopita miaka 5 au 7, na angalia unaruhusiwa kurudia somo mara ngapi. Hapa ndipo watu wanapoumia: somo walilofeli mwaka wa kwanza, wakiwa bado hawajajua wanalenga nini, linakuja kuhesabiwa.

Mfundishaji wa masomo ya ziada, Texas

Niongelee Anatomia na Fiziolojia, maana ndiyo inayochuja watu. Kila sehemu ni krediti 4, darasa pamoja na maabara. Darasani wengi wetu tunajitahidi. Maabara ndiyo inayoshusha alama.

Mtihani wa maabara uko hivi: meza zimepangwa, kila meza ni kituo, juu yake kuna mfupa, modeli au hadubini. Pini imechomekwa mahali fulani, na una kama dakika moja kuandika jina kabla ya kusogea. Mfupa wa paja ukiwa mezani, haitoshi kuandika "femur". Pini iko kwenye kile kibonge cha nje, juu karibu na nyonga, na jibu ni "greater trochanter", herufi zote sahihi. Wahadhiri wengi wanakata alama kwa herufi moja tu, na wengine wanataka useme mfupa ni wa kulia au wa kushoto. Kusoma kwa kutazama picha kwenye simu hakukuandai kwa hilo. Nenda maabara saa za mazoezi huru, shika mfupa wenyewe, funika lebo, andika jina kwa mkono, sahihisha, andika tena. Piga picha modeli za koleji yenu kama mnaruhusiwa, kwa sababu mtihani utatoka kwenye modeli hizo hizo, si kwenye kitabu.

Mambo mawili ya ratiba. Usichukue Anatomia pamoja na Mikrobiolojia kama unabeba boksi usiku. Na ogopa muhula wa kiangazi wa wiki 8: ni mambo yale yale ya wiki 16, kwa hiyo sura mbili zinapita ndani ya siku chache. C ni kufaulu kwenye cheti, lakini kwenye ushindani wa pointi C ya Anatomia ni kama mlango umefungwa nusu. Ukiona mambo yanaharibika, zungumza na mshauri wa masomo kabla ya siku ya mwisho ya kujiondoa. W (alama ya kujiondoa) ni afadhali kuliko D, ila ziko koleji zinazoihesabu W kama jaribio.

Mchangiaji, Ohio

Mtihani wa kuingilia. Koleji nyingi zinatumia TEAS, nyingine HESI A2. Uliza kwanza, usinunue kitabu cha mtihani usiohitajika.

TEAS ya sasa, toleo la 7, ina maswali 170 kwa dakika 209. Kusoma ni maswali 45 kwa dakika 55, Hisabati 38 kwa dakika 57, Sayansi 50 kwa dakika 60, Kiingereza 37 kwa dakika 37. Kwa Sayansi, ifanye baada ya kumaliza Anatomia zote mbili, si kabla, kwa kuwa maswali mengi yanatoka humo.

Waliosoma Kenya, Tanzania au Uganda huwa wazuri kwenye Hisabati, na kikokotoo kipo kwenye skrini. Wanachokosea ni vipimo vya Kimarekani. Yakae kichwani: kilo 1 ni pauni 2.2, kijiko cha chai ni mililita 5, aunsi ya maji ni mililita 30, inchi ni sentimita 2.54. Hayo yatarudi tena kwenye hesabu za dozi ukiwa ndani ya kozi, na huko koleji nyingi zinataka upate 90% au zaidi, wengine 100%, la sivyo huruhusiwi kugusa dawa wodini. Mfano wa swali: daktari kaandika mg 0.25, vidonge vilivyopo ni mcg 125 kila kimoja. Kwanza geuza, mg 0.25 ni mcg 250, kwa hiyo vidonge 2. Anayeruka hatua ya kugeuza ndiye anayekosea.

Mchangiaji, Kentucky

Naandika kwa ajili ya ndugu zetu waliotoka Kongo kupitia kambini, maana wengi hawana karatasi. Bila cheti cha sekondari, njia ni GED, cheti mbadala wa sekondari: mitihani minne, yaani Hisabati, Lugha, Sayansi na Masomo ya Jamii, na kufaulu ni alama 145 kwa kila mmoja. Vituo vya elimu ya watu wazima vinaandaa watu bure au kwa ada ndogo. Huhitaji kuikalia yote kwa siku moja.

Mwenye vyeti vya nje atahitaji tathmini ya somo kwa somo kutoka kampuni iliyo mwanachama wa NACES (umoja wa watathmini wa vyeti vya nje), kama WES au ECE. Ukichukua tathmini ya jumla tu, koleji haiwezi kukuhamishia krediti na utalipa mara mbili. Vyeti vya Kifaransa vinahitaji tafsiri rasmi. Usitarajie sayansi za chuo cha nyumbani zipite kirahisi, maana wanataka silabasi inayoonyesha saa za maabara.

Halafu jina. Pasipoti inasema hivi, cheti cha shule vile, kadi ya Social Security imebadilisha mpangilio, na tarehe ya kuzaliwa imeandikwa Januari 1. Linyoosheni hili mapema, kwa sababu jina la kitambulisho lazima lilingane na la usajili, kuanzia mtihani wa kuingilia mpaka NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi. Ukifika kituoni majina hayalingani, unarudishwa nyumbani.

Mchangiaji, Texas

Fedha. FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, hufunguliwa kwa kawaida Oktoba 1 na inajazwa upya kila mwaka. Mwenye green card, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanastahili. Mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi) hastahili. Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, kwa mwaka wa masomo 2025-26 ni hadi dola 7,395, na kwenye koleji ya jamii mara nyingi hiyo inamaliza ada na kubaki chenji ya vitabu. Huirudishi, tofauti na mkopo.

Ila ina masharti. Inalipia masomo yaliyomo kwenye programu uliyojiandikisha tu, na koleji nyingi hazina programu inayoitwa "maandalizi ya unesi", kwa hiyo muulize afisa wa misaada ujiandikishe chini ya nini ili Mikrobiolojia yako ilipiwe. Pili, kwa kawaida unatakiwa umalize angalau 67% ya krediti unazoanza. Kujiondoa ovyo ovyo kunakata msaada. Tatu, Pell ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12. Watu wanaimaliza kwenye masomo yasiyo na mpango, halafu unesi unaanza mfuko umekauka.

Muuguzi, Minnesota

Dada zangu na kaka zangu, karatasi za afya zisiwashike usingizini. Ukipokelewa unapewa wiki chache kuleta ushahidi wa surua, rubela, matumbwitumbwi, tetekuwanga, pepopunda, homa ya ini B na kifua kikuu, pamoja na alama za vidole, kipimo cha dawa za kulevya na cheti cha BLS (huduma ya msingi ya kuokoa maisha).

Kifua kikuu: wengi wetu tulichanjwa BCG utotoni, na kovu lipo mkononi. Kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo, ukaandikwa una maambukizi, ukaanza safari ya eksirei na barua. Omba kipimo cha damu, QuantiFERON au T-SPOT, kwa kuwa hakichanganywi na BCG. Kikitoka chanya, hapo ni suala la kweli, fuata matibabu.

Homa ya ini B: chanjo ya kawaida ni dozi tatu, mwezi 0, 1 na 6. Anayeanza baada ya barua ya kukubaliwa hamalizi kwa wakati. Ipo Heplisav-B ya dozi mbili kwa mwezi mmoja, ulizia. Na kama una kadi ya zamani kutoka nyumbani, ikague tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, hapa wanasoma mwezi kwanza. 05/03 inageuka Mei 3 badala ya Machi 5, nafasi kati ya dozi mbili inaonekana fupi mno, na dozi inakataliwa.

Mchangiaji, California

CNA ni ngazi nzuri, na koleji nyingine zinaifanya sharti. Serikali kuu inataka angalau saa 75 za mafunzo. Hapa California ni 160. Jambo ambalo wengi hawaambiwi: kama nyumba ya kulelea wazee imekuajiri au imekuahidi kazi unapoanza mafunzo, hairuhusiwi kukutoza. Ukilipa mwenyewe kisha ukaajiriwa na nyumba ya namna hiyo ndani ya miezi 12, jimbo linapaswa kupanga urejeshewe gharama. Ukikaa miezi 24 bila kufanya kazi hiyo kwa malipo, inabidi ufunzwe au upimwe upya.

Kwa waliokuwa wauguzi nyumbani: msikimbilie koleji. Anzeni na tathmini ya CGFNS (shirika linalotathmini vyeti vya wauguzi wa nje, sasa linaitwa TruMerit) pamoja na bodi ya jimbo, kumbukumbu zikitumwa moja kwa moja na shule na baraza lenu, Kenya au Tanzania. Huenda unaruhusiwa kukalia NCLEX-RN moja kwa moja, au umepungukiwa na somo moja tu, kama uuguzi wa magonjwa ya akili au wa watoto. California ni kali zaidi, inataka nadharia na vitendo viwe vilienda pamoja.

Mleta mada

Ahsanteni sana, mmeandika mambo ya maana. Kwa aliyeniuliza pembeni kuhusu shule za binafsi zinazoahidi RN kwa miezi michache: kagua kwanza kama bodi ya wauguzi ya jimbo imeiidhinisha na kama ina ithibati ya ACEN au CNEA, vyombo vinavyokagua ubora wa shule za unesi. Bodi nyingi zinaweka wazi asilimia ya wahitimu wa kila shule waliofaulu NCLEX mara ya kwanza. Soma ya miaka mitatu mfululizo. Januari 2023 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kesi ya diploma zaidi ya 7,600 za unesi zilizouzwa na shule tatu za Florida. Walionunua waliruhusiwa kukalia mtihani, baadhi wakafaulu, na baadaye bodi za majimbo zikaanza kufuta leseni.

Mwenye kujua utaratibu wa kutoka LPN (muuguzi wa ngazi iliyo chini ya RN) kwenda RN, na koleji zipi zinapokea F-1 kwenye unesi, aendelee hapo chini.