Naomba ushauri: nalinganishaje bidhaa zilizoingiza pesa nyingi kuliko zote?

Habari zenu wakuu. Naandaa jedwali la bidhaa zilizoingiza pesa nyingi zaidi tangu zianze kuuzwa, nimekwama. iPhone ilianza 2007, na mwaka wa fedha 2023 pekee iliingiza takriban dola bilioni 200. Corolla ipo tangu 1966, zimeshauzwa zaidi ya milioni 50. Inayonitesa hasa ni Coca-Cola: ya 1886, na Marekani bei yake ilikaa senti 5 kwa miaka kama 70! Nilijumlisha mauzo kwa dola za wakati ule, za zamani zikaonekana si kitu. Hiyo si haki kabisa.

Naombeni msaada: nigeuze mauzo ya kila mwaka kuwa thamani ya dola ya leo kwanza, ndipo nijumlishe? Na Corolla, iliyobadilishwa umbo mara nyingi, niihesabu bidhaa moja?