Enzaimu za ini ziko juu lakini homa ya ini B hana, hii ni nini?

mama_wa_kayole: Habari zenu wapendwa, naomba msaada. Kijana wangu ana miaka 19 ako chuo, alianza na koo kuuma na homa haishuki, tezi za shingo zikafura vibaya, kliniki ya mtaa wakampa amoksilini, mara vipele vikatoka mwili mzima. Tukahamia hospitali ingine wakatoa damu, malaria hana, homa ya ini A, B na C zote zimetoka safi, lakini zile enzaimu za ini, ALT na AST, ziko karibu mara tatu ya kawaida. Daktari anasema ni virusi vya Epstein-Barr. Pombe hanywi, na msinicheke. Sasa koo na ini zinakutana wapi jameni? Shangazi yake anataka tumpeleke kwa mzee wa mitishamba Githurai aoshwe ini.

nesi_wa_zamu: Pole mama. Hiyo ni EBV (hao Epstein-Barr) kabisa, hata vipele vyenyewe vinaonyesha, kwa sababu mgonjwa wa EBV akimeza amoksilini mara nyingi hutoka hivyo na si lazima iwe ni aleji ya penisilini, jamii ya dawa ya hiyo amoksilini, ila daktari aandike kwa faili. Virusi hivi watu wazima zaidi ya 9 kati ya 10 wanavyo, vinapitia mate. Huku kwetu wengi huvipata wakiwa watoto wadogo na hakuna anayejua, unadhani ni kahoma tu. Aliyeponyoka utotoni akivipata kwa ujana ndio anaangushwa hivi.

Kuhusu ini sasa. Virusi vyenyewe vinajificha kwa seli nyeupe za damu, lakini kinga ya mwili ikiamka seli zake zinajazana mpaka ndani ya ini, na hiyo vurugu ndio inaumiza seli za ini enzaimu zinavuja kwa damu. Ni kama kanjo, askari wa jiji, wakikimbiza hawka mmoja sokoni, vibanda vinavyoanguka si yeye ameviangusha. Enzaimu kupanda kidogo ni kawaida kwa wagonjwa wengi wa EBV, wanaofika kuwa na macho ya njano ni wachache.

jirani_mjuaji: Si hio ndio inaleta kansa? Niliskia iligunduliwa 1964 kwa uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda

nesi_wa_zamu: Ni kweli, uvimbe wa Burkitt, sampuli zilitoka Uganda zikachunguzwa London. Lakini huo hupata watoto hasa sehemu zenye malaria kali, na karibu sisi wote hapa tuna hivyo virusi bila kansa yoyote, usimtishe mama wa watu.

Mama, mitishamba hapana kabisa, ini lililovimba ndilo litabeba mzigo wa hiyo dawa. Ya kuua EBV hatuna, ni kupumzika, maji mengi, parasetamo asipitishe kipimo, na pombe asiguse. Mrudie kipimo cha damu baada ya wiki kadhaa, mara nyingi enzaimu hushuka zenyewe. Macho yakigeuka njano, akitapika bila kukoma ama aanze kuongea ovyo, hospitali saa hiyo hiyo.

mama_wa_kayole: Asante sana sista, nimepumua. Sasa homa imeshuka ameanza kuulizia mechi ya Jumapili 🙄

nesi_wa_zamu: Mechi akae benchi! Wengu pia hufura, uko kushoto chini ya mbavu, ukigongwa unaweza kupasuka. Angalau mwezi hivi tangu augue, na daktari amkague kwanza. Akisikia maumivu makali ya ghafla upande huo msingoje kuche.